Wakala wa Mbagala Mjini Houston

Mimi ni mtu wa vocha. Kibanda changu kipo Mbagala Rangi Tatu, hatua chache kutoka stendi ya daladala, na kwa miaka 9 sasa nakula kwa laini za watu: naweka, natoa, nasajili, naunga bando. Mteja akija, kabla hajafungua mdomo nimeshajua ni wa mia tano au wa elfu mbili. Kwa hiyo dada yangu aliponitumia tiketi Juni 2024 niende Houston nikamlee, maana alikuwa karibu kujifungua, niliogopa mengi: ndege, maswali ya uhamiaji, Kiingereza cha haraka haraka. Simu sikuiogopa. Nilijiambia kama kuna kitu Mmarekani hana cha kunifundisha, basi ni kununua muda wa maongezi.

Kibanda nilimwachia mdogo wangu, nikamwachia na daftari. Mwenyewe nikabeba daftari jipya, kaunta buku ya kurasa 96, na simu yangu janja niliyoinunua mtaa wa Aggrey, Kariakoo, laini mbili, betri la siku mbili. Dar hadi Doha, kisha saa kama 16 hewani mpaka Houston. Uwanjani kulikuwa na waifai ya bure, nikampigia shemeji kwa WhatsApp: "Shem, nimetoka, nipo mlangoni." Akasema naye yupo mlangoni. Nikavuta sanduku langu nje, jua likanipokea kama la Tanga mwezi wa pili, na hatua kumi tu mbele waifai ikabaki ndani. Simu ikageuka kioo cha kujitazamia. Intaneti ya laini ya nyumbani nilikuwa nimeizima kwa kuogopa gharama za ugenini. Tulitafutana dakika 40, yeye mlango mmoja, mimi mwingine, na katikati yetu ulikuwepo ukuta mmoja na mikokoteni ya mizigo.

"Kesho tunakutafutia laini," akasema alipoliona sanduku langu jekundu.

Kesho yake akanipeleka kwenye kiduka kilichobanana ubavuni mwa kituo cha mafuta huku kwao Alief, kusini magharibi mwa jiji. Bango limeandikwa kwa herufi za njano: dola 50, bila kikomo, bila mkataba. Kijana wa kaunta akanipa laini iliyofungwa kwenye plastiki ngumu, akagonga mashine, akataja pesa. Dola 55 na senti 13. Nikadhani nimesikia vibaya, nikamwangalia shemeji, shemeji akacheka. Bei ya bangoni huku haina kodi ndani yake. Mashine ndiyo inayoiongeza ukishafika kaunta: ukinunua kitu Houston, Texas, kuna kodi ya mauzo ya asilimia 8.25, na kwenye huduma ya simu ya kulipia kabla kuna asilimia 2 nyingine ya kugharamia namba ya dharura, 911. Kwa fedha ya wakati ule zile senti na dola zilikuwa kama shilingi 143,000. Mbagala mtu akiniletea pesa hiyo kwa bando moja, namuuliza kwanza kama yuko sawa.

Halafu kikatokea kituko ambacho dada ananicheka nacho mpaka leo. Baada ya kulipa nilibaki nimesimama pale kaunta, kidole gumba kimenyooka. Nilikuwa nasubiri kishikwambi. Tangu usajili wa alama za vidole uanze kwetu 2019 nimewaambia watu maelfu, weka kidole, kandamiza, toa, weka tena. Laini zisizosajiliwa zilipoanza kuzimwa Januari 2020 foleni ya kibandani kwangu ilifika mpaka barabarani. Sasa nchi iliyoniuliza mara tatu uwanjani nimefuata nini inaniuzia namba ya simu bila hata kuniuliza jina. Kijana akanitazama, akatazama kidole, akanipa risiti.

Shemeji ndiye aliyenieleza garini kwamba maswali yapo, ila yako upande wa pili. Anayetaka kutumia kwanza na kulipa mwisho wa mwezi ndiye anayechunguzwa: namba yake ya hifadhi ya jamii, na historia ya madeni yake, kama ana tabia ya kulipa. Mgeni kama mimi sina namba hiyo wala historia yoyote. Kulipia kabla ndio mlango wetu, wa wageni, wakimbizi, wanafunzi, na mtu aliyeharibu jina lake kwa madeni. Neno lenyewe kwa Kiingereza chao lina harufu kidogo ya umaskini. Hilo lilinishangaza kuliko kodi. Kwetu waziri analipia kabla, mama ntilie analipia kabla, na wote wawili wamewahi kukatika katikati ya sentensi.

Basi nikachomeka laini. Ikaingia meseji ya kunikaribisha. Nikampigia dada aliyekuwa chumba cha pili, simu ikahangaika sekunde mbili, ikajikata. Nikarudia. Ikajikata. Nikaizima na kuiwasha, nikapuliza laini, nikaifuta na kanga, yaani yale yote ninayowafanyia wateja ninapokuwa sijui tatizo ni nini. Nikajaribu na zile namba za nyota na reli zilizonikaa vidoleni. Kumbe huku mambo ya salio na vifurushi watu wanayamaliza kwenye programu ya kampuni. Intaneti nayo ilikuwa inapatikana kwenye kona moja ya jikoni, karibu na friji, basi. Tuliporudi dukani tukaambiwa plastiki ikishafunguliwa pesa hairudi. Ningekuwa mimi ningesema vivyo hivyo, nadhani, lakini ningesema nikiwa nimeinamisha macho.

Aliyeniokoa ni kijana wa Bukavu anayetengeneza simu kwenye kijumba cha maduka barabara ya Bissonnet. Nilimsikia kabla sijamwona, anabishana na mtu kwa Kiswahili kile chao cha Kivu, na mabega yangu yakashuka kwa mara ya kwanza tangu Doha. Tunalingana umri lakini aliniita mama, ndiyo heshima yao. Akachukua simu, akabonyeza *#06#, akasoma ile namba ya IMEI, akaiingiza kwenye kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Mama, simu iko muzuri, ila huku haitaitika. Minara ya zamani balishafunga."

Nikamwomba anifafanulie polepole, maana hii ni kazi yangu. Akanifafanulia. Simu yangu ilikuwa na 4G kwa ajili ya intaneti, lakini ukitaka kupiga simu ilikuwa inateremka kwenye 3G, kama simu nyingi tulizonazo kwetu. Marekani mitandao yote mikubwa ilizima 3G mwaka 2022, kwa hiyo simu yangu ilikuwa inateremka ngazi isiyo na sakafu chini. Kupiga kupitia 4G yenyewe kunataka simu iwe imetengenezwa na kukubaliwa hivyo, na kuna mitandao yenye orodha yake ya simu inazozikubali. Isiyokuwemo haipigi, hata kama inacheza video vizuri. Tena mawimbi yenyewe ni mengine. Yale ya megahezi 600 na 700, yanayopenya kuta huku, simu ya Aggrey haikuwahi kuyasikia. Ndiyo maana ilikuwa inanipa intaneti kwenye friji tu.

Kumbe swali la kwanza halikuwa bei. Nilinunua bando kabla ya kujua kama simu inakula. Mbagala sijawahi kumwuliza mteja ana simu gani.

Simu za bei nafuu zipo dukani, akasema, zile za dola 40 za kwenye supamaketi, lakini zimefungwa kwa kampuni inayoziuza. Utaitumia kwao tu, miezi kadhaa au hata mwaka, ndipo ukaombe wakufungulie. Mimi nilikuwa nakaa miezi mitatu. Akanitolea droo ya simu zilizotumika, zilizo wazi kwa mtandao wowote, nikachagua moja ya dola 80 yenye mkwaruzo kona ya juu. Ya Aggrey nikaiacha na laini ya Tanzania ndani, ikakaa dirishani inanasa meseji za benki na za miamala pale ilipojisikia.

Usiku ule nikafungua kaunta buku juu ya meza ya jikoni. Dada alikuwa amejifungua siku nne zilizopita, mtoto wa kike, anapiga kelele kama kondakta. Mzazi amekaa na bakuli la mtori, shemeji ana likizo ya siku chache kutoka kwenye lori lake, mimi nina kalamu. Nikawaambia, nitajieni mitandao yote mnayoijua.

Walinitajia majina hadi nikachoka kuandika. Lakini nilipoanza kuuliza nani ana minara, ukurasa ukageuka ukoo. Wenye minara wakubwa ni watatu, Verizon, AT&T na T-Mobile; wa nne, Sprint, alimezwa na T-Mobile mwaka 2020. Hawa wengine ni watoto wao au ni wapangaji wao. Cricket ni ya AT&T. Metro ni ya T-Mobile. Visible ni ya Verizon, na Verizon hiyo hiyo mwaka 2021 ilinunua TracFone, pamoja na Straight Talk inayouzwa Walmart. Mint, ambayo mwigizaji Ryan Reynolds alikuwa na hisa zake, T-Mobile ilikamilisha kuinunua Mei 2024, mwezi mmoja kabla sijafika. Kuna na wadogo wengi wasio na mnara hata mmoja, wananunua nafasi kwa jumla na kuiuza rejareja. Nikamwambia shemeji, hawa ni madeiwaka: basi si lao, ila leo wanaliendesha wao. Akacheka mpaka mtoto akaamka.

Kwa hiyo nikapanga upya. Kwanza mnara wa nani unafika sebuleni. Nikatembea nyumba nzima na simu ya dada, kisha ya shemeji, kisha ya jirani Mnigeria mwenye mtandao wa tatu, nikihesabu vijiti vya mtandao na kupiga simu chooni, bafuni, uani. Ramani za kampuni zimepakwa rangi nchi nzima, lakini ramani haijui kwamba chumba nilichopewa kina ukuta wa matofali na mwembe wa jirani. Sawa, haukuwa mwembe, ni mti wao fulani.

Dada alituambia habari za 2009, alipofika. Wakati huo ukipigiwa simu nawe unakatwa dakika zako, mpigaji anakatwa na mpokeaji anakatwa. Bipu haikuwa na maana yoyote. Ndugu wa Tanzania wanapiga kwa furaha, yeye anaangalia saa, anawaomba wapige baada ya saa tatu usiku ambapo dakika zilikuwa za bure. Siku hizi karibu kila kifurushi kina maongezi na meseji za ndani bila kuhesabu, kwa hiyo unachopima hasa ni intaneti. Kupiga Tanzania moja kwa moja ni jambo jingine na ni ghali. Hakuna aliyekuwa na mpango huo, WhatsApp ipo.

Shemeji naye akatoa yake. Alipofika, ili upate simu janja kwa bei ya chini ulikuwa unasaini miaka miwili, na ukitoka kabla unapigwa faini iliyoweza kufika dola 350. T-Mobile iliitupa mikataba hiyo mwaka 2013, na kufikia 2016 wakubwa wenzake nao wameiacha. Neno mkataba likatoweka mabangoni. Lakini mwaka juzi alipewa simu "ya bure" na kampuni moja. Nikamwomba risiti, nikapiga hesabu mbele yake. Tuseme simu ni ya dola 800. Wanakukopesha, wanaigawa kwa miezi 36, kila mwezi wanakuandikia deni la dola 22 na senti 22 na papo hapo wanalifuta. Ukihama mwezi wa 20 wanaacha kufuta, na miezi 16 iliyobaki inakuwa yako: dola 355 na ushee. Kaka wa watu alinyamaza. Faini ya zamani ilikuwa na jina, hii haina.

Hata hivyo sikumshauri atoke. Yeye anapita Texas ya magharibi kule ambako unakwenda nusu saa bila kuona nyumba, na laini nyingi za bei nafuu haziruhusiwi kuazima mnara wa jirani pale mnara wa mwenye nyumba unapoisha. Lori likiharibika huko, dola 30 alizookoa kwa mwezi hazimsaidii kitu. Mimi safari zangu zilikuwa nyumbani, kliniki ya mtoto, na duka la Wapakistani la Hillcroft wanakouza unga wa muhogo.

Nikabakiza mbili kwenye daftari. Ya kwanza ilikuwa ile ya Mint: unalipa miezi mitatu kwa mkupuo, dola 45 bila kodi, GB 5 kila mwezi. Miezi mitatu, kama vile waliiona tiketi yangu. Ya pili ilikuwa ya kampuni nyingine, sitaitaja, dola 25 kwa mwezi, intaneti bila kikomo, unalipa siku 30 na ukitaka unaondoka. (Mwezi wa simu ni siku 30, huku na kwetu. Mwenye kulipa hivyo mwaka mzima, mara 12 zinampeleka siku ya 360, na zile tano analipa tena. Sijawahi kuona mteja akiihesabu hiyo.)

Nilichukua ya pili. Sababu nilizompa dada zilikuwa za kibiashara. Wakala hafungi floti yake yote mahali pamoja. Nimeshachomwa dola 55, je na hii simu ya Bissonnet ikigoma? Je nikirudi mapema? Zote zilikuwa sababu za kweli. Lakini ya ndani kabisa ilikuwa ni lile neno, bila kikomo. Mtu aliyelelewa na ule ujumbe wa "umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako" akiliona neno hilo moyo unalegea. Nimewaona watu wazima kibandani wakiongea kwa kukimbia ili dakika zisiishe kabla habari ya msiba haijafika mwisho. Anayetoka kwenye hofu hiyo ukimwambia hatakatika tena, haulizi bei.

Maandishi madogo niliyasoma, ndiyo kazi yangu. Bila kikomo yao ina vikomo kadhaa: video inapunguzwa ung'avu, kumgawia mwenzio kwa hotispoti kunapimwa kwa kijiko, vifurushi vingine vikifika GB fulani spidi inashushwa mpaka picha inafunguka kama pazia bovu. Na kuna sentensi moja niliyoisoma mara tatu: wakati wa msongamano, wateja wa kifurushi hiki wanaweza kupata spidi ndogo kuliko wengine. Niliielewa vizuri sana. Ni denti mlangoni mwa daladala. Anapanda kwa 200, kwa hiyo konda anamwambia subiri, wakubwa kwanza. Saa nne asubuhi gari tupu denti anakaa siti ya dirishani. Saa kumi na mbili jioni pale Rangi Tatu anaachwa na mabasi manne. Nikaandika pembeni ya daftari "DENTI", nikapiga mstari.

Kadi yangu ya benki ya Tanzania ilikataliwa mtandaoni. Mashine ilitaka msimbo wa posta wa Marekani wenye tarakimu tano, na mimi anwani yangu ni nyuma ya msikiti, nyumba ya geti la bluu. Nikanunua dukani kwa pesa taslimu. Dola 27 na senti 56. Safari hii sikumwangalia shemeji.

Simu ikapiga. Nikampigia dada chumba cha pili, tukaongea upuuzi dakika tano kwa sababu tunaweza.

Siku ya pili ikaanza kupigiwa. Sauti ya kike, yenye upole wa kutisha, inamtafuta bwana mmoja kwa jina lake kamili, na kabla sijajibu inaniambia mazungumzo yanarekodiwa. Wadai. Namba yangu ilikuwa ya mtu kabla yangu. Sheria yao inataka namba iliyoachwa ilale angalau siku 45 ndipo apewe mwingine, lakini madeni yana usingizi mwepesi kuliko hapo. Kwa miezi mitatu nilimfahamu bwana yule bila kumwona: alikuwa na gari, alikuwa na jino lililohitaji kung'olewa, na kuna kinyozi aliyemkumbusha kila Ijumaa ya pili. Mwisho nikawa najibu kwa Kiswahili, "Hayupo, katoka kidogo," wanakata wenyewe.

Kimbunga Beryl kilitufikia Jumatatu ya tarehe 8 Julai, alfajiri. Nimezoea mvua ya Dar inayobeba gari, ila upepo ule ulikuwa na sauti ya mtu anayesukuma mlango kwa bega. Kulipokucha wateja zaidi ya milioni 2 eneo lile hawakuwa na umeme, na sisi tukiwemo. Kiyoyozi kimya, waifai kimya, mtoto ana wiki mbili na nusu, joto linapanda. Watu walikuwa wanatafuta mahali penye umeme kwa kutazama ramani ya maduka ya Whataburger kwenye programu yao: tawi lenye rangi ya chungwa limefunguliwa, basi mtaa ule una umeme, la kijivu, usisumbuke.

Hapo ndipo jiji zima lilipohamia kwenye minara kwa mpigo, na minara mingine yenyewe imelala. Nilikaa kiti cha mbele cha gari la shemeji, tukichaji simu na kumpoza mtoto, nikafungua ile ramani. Kiduara kikazunguka. Simu ya shemeji, mtandao ule ule wa mnara mmoja lakini yeye analipa mwisho wa mwezi, ikafungua polepole, tawi kwa tawi. Yangu ikazunguka. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa ni foleni ya madenti. Huenda simu ya dola 80 nayo ina udhaifu wake, huenda ni mkono wangu. Lakini vijiti vya mtandao vilikuwa vinne, vimesimama wima, na hakuna kilichopita. Nilikuwa na intaneti isiyo na kikomo, na siku hiyo hata meseji ya "tupo salama" kwa mama Tanga ilichukua saa mbili kupata tiki ya pili. Saa tano usiku, yaani saa moja asubuhi Mbagala, mdogo wangu akanitumia sauti akiuliza namba ya siri ya floti. Nilimjibu kesho yake.

Umeme uliporudi, Alhamisi, niliingia kwenye mipangilio ya simu kuangalia nimekula kiasi gani. Nilitegemea tarakimu kubwa. Toka nilipoiwasha, GB 4 na kidogo, na zaidi ya nusu ilikuwa ni ile wiki ya giza. Nikarudia kuangalia. Siku za kawaida nilikuwa natumia kama kijiko cha chai, kwa sababu nyumba ya dada ina waifai, kliniki ina waifai, hata duka la unga lina waifai. Kipimo nilichokuja nacho kilikuwa cha Mbagala, ambako kila video, kila simu ya WhatsApp, kila kitu kinatoka kwenye bando la mkononi. Nilijipimia njaa ya kwetu mahali ambapo kuna sufuria jikoni muda wote.

Kwa miezi mitatu nililipa dola 82 na senti 68. Ile ya mkupuo, hata ukiiwekea kodi zake, isingefika 55, na GB 5 zingenitosha. Kama dola 30, basi, niliilipia hofu. Nimeiandika hivyo hivyo kwenye daftari, safu ya hasara, chini ya laini ya kituo cha mafuta. Kijana wa Bukavu nilipomwonyesha ukurasa alisema wengi wa kwetu wanafanya hivyo mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wanajiunga na jamaa, laini nne au tano kwenye akaunti moja, bei ya kila mmoja inashuka. Tatizo linakuwa ni nani anakusanya hela tarehe moja. Nikamwambia hilo hata upatu wa Mbagala haujalitatua.

Nilirudi Septemba. Doha, nikisubiri ndege, niliitoa laini ya Marekani kwa ncha ya hereni, nikaifunga kwenye risiti ya 27.56 na kuibana katikati ya kaunta buku. Bado ilikuwa na siku nne. Kinyozi atakuwa alipiga Ijumaa.

Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa kibandani. Mteja wa kwanza alikuwa mama anayeuza vitumbua ng'ambo ya barabara, mkono mmoja una unga.

"Dada umerudi! Niunge la mia tano, la kuongea tu, nampigia mwanangu mara moja."

"La mtandao huo huo au mitandao yote?"

"La mtandao huo huo. Na uwahi, nimeacha mafuta jikoni."